Trei ishirini za miche: kisa cha wanafunzi wanne waliokuwa wakitafuta pa kuingilia katika kilimo cha bustani

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kilitokea kwenye kozi ninayosimamia mafunzo kwa vitendo. Nimeondoa majina, mahali, mwaka na jina la kitalu. Wanafunzi nimewaita K, M, S na T, na baadhi ya mambo yao binafsi nimeyabadilisha. Hesabu za miche nimezitoa kwenye daftari lao. Nawaandikia walimu na wasimamizi wa mafunzo, na pia mwanafunzi anayekaribia kumaliza masomo ya bustani huku hajui aelekee wapi.

Kuna sehemu ambayo kosa lilikuwa langu. Nitaieleza tutakapoifikia.

Usuli

Siku ya kwanza ya mwaka wao wa mwisho niliwaomba wanafunzi wote wa darasa waandike kwenye kipande cha karatasi kazi wanayotaka kuifanya. Majibu yakawa mawili tu: kumiliki shamba, au kuwa afisa ugani. Mmoja aliandika "chochote". Karatasi zile zilinikaa moyoni kwa muda mrefu, maana walioziandika hawakuwa wanafunzi wavivu. Waliandika milango waliyoijua.

Lawama si yao. Kilimo cha bustani tunakifundisha kwa mazao: muhula huu nyanya na vitunguu, ujao miembe na michungwa, kisha maua. Mwanafunzi anamaliza akijua nafasi ya kupandia kabichi na wakati wa kuweka mbolea, lakini hajawahi kusikia kwamba yuko mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kubebesha miche, yaani kuunganisha sehemu ya juu ya mche mmoja na shina la mwingine. Yuko anayepokea kreti kwenye banda la kufungashia na kuamua zipi zirudi zilikotoka. Yuko anayekagua mimea kwa lenzi kabla haijavuka mpaka, na anayefunga mifumo ya umwagiliaji wa matone, na anayejaribisha aina mpya za mbegu kabla hazijaingia sokoni. Yuko anayepanga bustani ya hospitali na kujua mti upi, baada ya miaka 15, utapasua ukuta kwa mizizi. Mwanafunzi wetu anayajua mazao, lakini hawajui watu wa kazi hizo.

Mafunzo ya nje hayakuziba pengo hilo. Yalikuwa ya wiki nane. Mwanafunzi alipelekwa palipopatikana nafasi, akapewa jembe au ufagio, akarudi na fomu yenye mhuri. Fomu hizo nimezisaini nyingi mno. Ripoti zilifanana hadi makosa ya tahajia.

Mwaka huo msimamizi wa kitalu kimoja cha biashara alikubali kufanya jambo tofauti. Angetupa meza moja ndani ya banda lake, nafasi ya trei 20, na sehemu ya oda halisi: miche 2,000 ya nyanya kwa mkulima aliyekuwa tayari ameandaa shamba. Muda ulikuwa wiki tano. Masharti yake yalikuwa mawili. Kila siku kitu kiandikwe kwenye daftari moja, hata kama hakuna kilichobadilika. Na la pili alilisema akiwatazama wanafunzi, si mimi: "Miche ikifa, nataka niambiwe siku hiyo hiyo."

Waliojitolea walikuwa wanne. K alikuwa na mikono mizuri. Ungempa mche wowote akauhamisha bila kuvunja mzizi. M alitaka kusomea uhasibu, matokeo yake hayakumruhusu, na hakuificha huzuni yake. S ndiye aliyekuwa bora darasani, mwenye kujibu kwanza na kujibu sahihi, na wenzake walimfanya kiongozi bila kupiga kura. T ndiye aliyeandika "chochote".

Mfuatano wa matukio

*Siku ya kwanza hadi ya 10.* Trei zilikuwa za vishimo 128 kila moja, hivyo trei 20 zilitoa vishimo 2,560. Hesabu ilionekana kuwa na nafasi ya kutosha kwa mbegu zisizoota na miche dhaifu. Kitalu hutumia kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, lakini mzigo uliokuwepo ulitosha trei 12 tu. Mwingine ungefika baada ya siku nne. S alipendekeza trei nane zilizobaki zijazwe mchanganyiko wa udongo na mboji kutoka kwenye lundo letu la chuoni, ili miche yote iote pamoja. Alinipigia simu kuniuliza. Nilikuwa njiani, nikajibu, "Sawa, endeleeni." Sikuuliza kama udongo umechemshwa au kuunguzwa kwa mvuke. Haukuwa.

Mbegu ziliota vizuri. Siku ya nane M alihesabu kishimo kimoja kimoja: katika trei 12 za kokopiti ilitoka miche 1,428, karibu asilimia 93, katika trei nane za mchanganyiko ilitoka 912, asilimia 89. Aliandika pia trei ipi iko ukingoni mwa meza na ipi iko katikati. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.

*Siku ya 11 hadi ya 13.* Mawingu yalitanda siku tatu mfululizo. Ratiba ilisema kumwagilia asubuhi na jioni, na S aliifuata kama ilivyoandikwa. Usiku miche ililala ikiwa na maji juu ya majani na udongo ukiwa umeloa.

*Siku ya 14.* Asubuhi K alikuta miche imelala kama nywele zilizochanwa upande mmoja. Majani yalikuwa bado mabichi. Shina, pale linapotoka kwenye udongo, lilikuwa limelainika na kusinyaa, jembamba kama uzi. Huo ni ugonjwa wa kinyausi, na kila aliyewahi kufanya kazi kitaluni anaukumbuka kwa harufu yake ya unyevu uliokaa. Husababishwa na vimelea kadhaa vya udongoni, wakiwemo Pythium na Rhizoctonia. Pythium hasa ni kiumbe cha maji: spora zake zina mikia na huogelea kwenye utando wa maji kutoka mzizi hadi mzizi. Ukimpa udongo ambao haukusafishwa, mwanga hafifu, hewa isiyotembea na maji ya jioni, umemwandalia kila anachohitaji.

Msimamizi wa kitalu aliambiwa kabla ya saa tatu asubuhi. Alikuja, akatazama, akauliza maswali mawili tu: udongo ulitoka wapi, na mara ya mwisho mlimwagilia saa ngapi. Majibu yote yalikuwa daftarini.

*Siku ya 17.* Kati ya miche 912 ya trei za mchanganyiko, 640 ilikuwa imekufa na 272 imesimama. Kwenye kokopiti ilikuwa imekufa 57, karibu yote katika trei mbili zilizogusana na zile zilizougua. Ilibaki 1,371. Oda ilikuwa 2,000.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu ile miche 272 iliyobaki imesimama. S na K walitaka kuiokoa: kuihamishia kwenye kokopiti safi, kuiacha ikauke kidogo, kuipa siku chache. Hoja yao ilikuwa na uzito, kwa kuwa ilikuwa hai na kila mmoja ulikuwa na thamani. Mimi nilielekea upande wao. Aliyetubadilisha ni T, ambaye kwa majuma mawili kazi yake ilikuwa kuosha trei na kunyamaza. Alisema, "Hii imesimama, lakini imenywa maji yale yale. Tukiipeleka, tunampelekea mkulima ugonjwa shambani kwake na yeye hajui." Msimamizi hakuongeza neno. Trei nane zilitolewa bandani zikiwa na kila kitu kilichomo, meza ikasafishwa kwa dawa, na trei zenyewe zikaoshwa na kulowekwa.

Nimerudi mara nyingi kwenye dakika ile. Kwa mtu anayeingia kwenye kazi hii, kutupa kilicho hai kwa sababu ya kisichoonekana ni kigumu kuliko kupanda. Wengi hujifunza hilo wakiwa na miaka kumi kazini. T alilijua kabla hajajua kwamba lina jina.

Uamuzi wa pili: nani amwambie mkulima. Nilidhani ni kazi ya msimamizi, kwani mteja ni wake. Alikataa. "Walioipanda ndio watakaosema." K ndiye aliyepiga simu, karatasi mkononi, sauti ikitetemeka mwanzoni. Alieleza kilichotokea, miche mingapi ipo, mingapi haipo, na lini iliyobaki itakuwa tayari. Mkulima hakufurahi. Hata hivyo alikubali kupokea kwa awamu mbili, kwa sababu aliambiwa siku ya 17 na si siku ya 34 akiwa amekwisha kuita vibarua wa kupandikiza.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa kitaalamu. Walisia tena trei sita siku ya 18, kwenye kokopiti mpya iliyokuwa imefika. M alisisitiza hata hiyo ipashwe moto kwanza: nyuzi 60 za sentigredi kwa dakika 30, kipimajoto kikiwa ndani ya lundo na si juu yake. Kiwango hicho hutosha kuua vimelea wengi wa magonjwa ya mimea bila kuifanya midia, yaani kokopiti au udongo wa kuoteshea, iwe tasa kabisa, isiyo na kiumbe hai hata kimoja, na hilo ni jambo zuri, kwa sababu midia tasa kabisa hutawaliwa na yeyote anayefika kwanza. Ratiba ya maji ilifutwa. Badala yake kila asubuhi mtu aliinua trei kwa mikono miwili, akaupima uzito wake, kisha ndipo akaamua.

Uamuzi wa nne sikuufanya, nao ni uamuzi pia. Nitaueleza kwenye uchambuzi.

Wiki za mwisho na siku nne za kufuatana na watu

Miche 1,310 iliondoka mwishoni mwa wiki ya tano. Mingine 690 ilifuata baada ya siku 18. Mkulima aliikagua mizizi, akasaini, akaondoka. Hakuna sherehe iliyofanyika.

Baada ya hapo msimamizi alitusaidia kupata nafasi za siku moja moja mahali pengine panne: banda la kufungashia mboga, maabara ya uzalishaji wa miche kwa tishu, kikosi cha watunza mandhari, na kituo cha ukaguzi wa afya ya mimea. Wanafunzi waligawana, kisha wakabadilishana. Niliwapa swali moja tu la kumuuliza mfanyakazi waliyefuatana naye: "Hapa kitu kikiharibika, anaulizwa nani?"

Swali hilo lilizaa kuliko nilivyotarajia. Ukimuuliza mtu kazi yake ni nini, atakutajia cheo. Ukimuuliza kinachomkosesha usingizi, atakuonyesha kazi yenyewe.

Kwenye banda la kufungashia, mpokeaji wa kreti alimpa M kipimajoto na kumwambia achome ndani ya mboga, si hewani. Mboga iliyovunwa bado inapumua, na kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Kreti iliyosubiri juani saa mbili imezeeka, ingawa kwa macho haijabadilika. Wala si kila zao linataka baridi kali: nyanya ambayo haijaiva, ikiwekwa kwa siku nyingi chini ya nyuzi 13 hivi, huumia na kuiva vibaya. M alirudi na kurasa sita za maandishi. Nilimweleza kwamba mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa karibu asilimia 14 ya chakula duniani hupotea kati ya kuvunwa na kufika kwa wauzaji wa rejareja. Aliniuliza: ni nani anayehesabu hiyo 14? Ndipo nilipoona kwamba mhasibu aliyekuwa akimlilia hakuwa amepotea.

Maabara ya tishu ilimpendeza S na kumchosha K. Pale kipande cha mmea, kidogo kuliko ukucha, hukuzwa kwenye chupa yenye lishe, mara nyingi ile iliyotungwa na Toshio Murashige na Folke Skoog na kuchapishwa mwaka 1962, ambayo bado ndiyo msingi wa maabara nyingi ulimwenguni. Kazi ni ya kukaa, mikono mbele ya hewa iliyochujwa, saa baada ya saa, na chupa yoyote yenye doa la kuvu hutolewa. K alisema ni kama kulea watoto kupitia dirisha. Kwake siku moja ilitosha kumwokolea miaka miwili ya kuomba nafasi asiyoitaka.

Kikosi cha mandhari hakikumvutia yeyote kati ya wanne, ingawa kiongozi wake aliwafunza jambo nililolichukua mwenyewe: kabla ya kupanda mti, simama pale utakapofika ukubwa wake wa mwisho, unyooshe mikono, uangalie unagusa nini.

T alikaa kituo cha ukaguzi siku yake, akaomba siku ya pili, kisha ya tatu. Mkaguzi alimpa lenzi inayokuza mara kumi na karatasi nyeupe ya kukung'utia maua. Vithiripi, wadudu wadogo sana wa mimea, huonekana kama vijistari vya wino vinavyotembea. T alivihesabu.

Matokeo

K aliomba kubaki kitaluni bila malipo kwa mwezi mmoja ajifunze kubebesha nyanya juu ya shina la chini linalostahimili mnyauko wa bakteria. Kati ya miche 50 ya kwanza ilishika 19. Mikato yake ilikuwa mizuri. Kilichomwangusha ni unyevu wa banda la uponyaji, pale miche iliyobebeshwa inapongojwa ishikane, kwa kuwa aliufungua mlango mara nyingi kutazama. Alipojifunza kuuacha, idadi ilipanda. Baadaye aliomba kazi kwenye kitalu kingine. Kwenye usaili aliulizwa kama amewahi kupoteza miche. Alitoa nakala ya kurasa za siku ya 14 hadi ya 18 na kuziweka mezani. Aliajiriwa, na aliniambia hawakugusa cheti chake.

M yuko kwenye banda la kufungashia, upande wa kumbukumbu na ubora. Alianza kwa kubandika lebo, na kwa miezi mitano hakupandishwa. Alipandishwa siku alipoonyesha, kwa karatasi yake mwenyewe, kwamba kreti zilizorudishwa nyingi zilitoka kwenye gari moja na zamu moja.

T aliomba nafasi ya mafunzo ya afya ya mimea akakataliwa, kwa alama zake za masomo. Aliomba kuwa msaidizi wa muda wa kukusanya sampuli. Wakampokea, na baada ya msimu mmoja mkaguzi alimwandikia barua ya kumpendekeza. Sasa anasoma.

S aliacha. Baada ya siku ya 14 alikosekana kwa wiki nzima, akarudi, akamaliza mitihani akiwa tena miongoni mwa wa kwanza, kisha akajiunga na fani isiyohusiana kabisa na mimea.

Uchambuzi: kilichosaidia

La kwanza ni oda ya kweli yenye tarehe. Nimeendesha bustani ya chuo kwa miaka mingi, na huko miche ikifa tunaandika "changamoto" kwenye ripoti na maisha yanaendelea. Hapa kulikuwa na mtu mwenye shamba lililokwisha kulimwa. Mwanafunzi hajui kama kazi ni yake mpaka pawepo mtu wa upande wa pili anayemtegemea.

La pili ni daftari, na nataka nilikazie. Thamani yake haikuwa unadhifu. Lilionyesha kwamba hasara haikufuata udongo peke yake: trei mbili za mchanganyiko zilizokuwa ukingoni, penye upepo, zilipoteza chini ya nusu ya miche yake, na zile za katikati zilipoteza karibu yote. Udongo ulileta ugonjwa, ila maji na hewa tuliyoibana ndivyo vilivyouchochea. Bila ile safu ya M ya ukingoni na katikati tungelaumu mboji na kuendelea kumwagilia jioni. Halafu daftari hilo hilo likawa barua ya utambulisho. Vyeti vya wanafunzi wetu vinafanana. Ukurasa unaosema "leo tumepoteza 211, nadhani ni kwa sababu hii" haufanani na wa mtu mwingine.

La tatu ni mpangilio. Siku za kutembelea zilikuja baada ya hasara. Miaka ya nyuma tulitembelea kwanza, na wanafunzi walipiga picha na kurudi. Safari hii walikwenda wakijua uzito wa kuulizwa, kwa hiyo waliuliza vizuri. T asingeiona maana ya lenzi ile kama asingekuwa amezitoa trei zile bandani kwa mikono yake.

Swali la "unapenda nini" nimeliacha. Kijana wa miaka 20 hajapata bado vitu vya kutosha vya kupenda. Siku hizi naangalia anachokifanya asipoagizwa: K alihamisha mche uliopinda, M aliandika safu asiyoombwa, T alikataa kupeleka ugonjwa kwa mtu asiyemjua. Dalili zilikuwepo tangu wiki ya pili, kwa mwenye kutazama.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Udongo usiosafishwa niliuidhinisha mimi, kwa neno moja, kwa simu. Hilo ni kosa la kitaalamu, na lingesahihishika kwa swali moja.

Kubwa zaidi ni lile lililofuata. Siku ya 14, msimamizi alipouliza udongo ulitoka wapi na mara ya mwisho walimwagilia saa ngapi, majibu yote mawili yalimwelekea S. Yeye ndiye aliyependekeza mchanganyiko. Yeye ndiye aliyeshika mpira wa maji. Daftari lilikuwa na jina lake pande zote mbili. Halikuwa na simu yake kwangu wala jibu langu. Nilikuwepo, nimesimama karibu na meza, na nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nitazungumza naye pembeni baadaye, kwamba si wakati wake. Baadaye nilimpigia, hakupokea, na aliporudi alionekana yu mzima, anajibu maswali kama kawaida, nikaona niache.

Kundi lile lilijifunza uwajibikaji kwa gharama ya mmoja wao. Watatu walitoka na ukurasa wa kuonyesha kwenye usaili. Wa nne, mwenye kichwa cha kushinda wote, alitoka na ukurasa wa kuficha. Kama kuna mwalimu anayetaka kuiga mpango huu, aanzie hapa kabla ya kuanza na trei: kila idhini ya msimamizi iandikwe kwenye daftari lile lile, kwa mkono wake na saini yake. Kwetu sasa kuna safu hiyo.

Ratiba ya maji nayo ilikuwa mtego tuliouweka wenyewe. Tumemfundisha S kwa miaka kuwa anayefuata maelekezo hupata alama. Alifuata. Hatukuwahi kumpa mtihani ambao jibu sahihi ni kuweka mpira chini na kungoja jua.

Kuna mipaka pia. Hawa wanne walijitolea, kwa hiyo siwezi kusema mpango ungemfaa kila mwanafunzi wa darasa lile. Hasara ya mbegu na nafasi ya meza aliibeba msimamizi wa kitalu, na si kila kitalu kinaweza kumudu hilo. Tulipomwomba mwingine mwaka uliofuata, alikataa, na sikuwa na hoja ya kumlaumu. Na M alikaa miezi mitano kwenye lebo bila mimi kujua. Tulimfikisha mlangoni tukadhani kazi imekwisha, ilhali ni katika miezi ile ya kwanza kazini ndipo wengi huondoka.

Hali ilivyo sasa

Nilipokuwa nakusanya kurasa za daftari kwa ajili ya uchambuzi huu niliona nisiuandike kabla ya kumwandikia S. Nilimweleza kwamba udongo ule niliukubali mimi, kwamba nilipaswa kusema hivyo pale mezani, na kwamba sikusema. Alijibu baada ya siku tatu. "Mwalimu, nilikuwa najua. Nilichokuwa nasubiri ni useme wenzangu wakisikia."

Wenzake wako sehemu tatu tofauti sasa. Barua ile ile nimemtumia kila mmoja wao.